Polaroid ya boksi na vitu vya kawaida nyumbani: mbona picha nzuri ni tatu tu kati ya 16?

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mjomba kaniachia kamera yake ya zamani ya Polaroid aina ya 600, ile ya boksi ambayo flashi inafunguka kwa juu. Nimenunua pakiti mbili za filamu mpya na nikawa napiga vitu vya kawaida tu, kikombe, viatu mlangoni, baiskeli, bibi akiwa amekaa. Kati ya 16 zimetoka nzuri tatu. Za karibu zote zina ukungu, za ndani uso unakuwa mweupe pee na nyuma giza, na zile za mchana zimetoka njano. Afu sasa hivi kaunta inasema zimebaki mbili lakini nikibonyeza inanguruma tu haitoi kitu. Imekufa? Na kuna jamaa ana ile ya kukunja, SX-70, anataka kuniuzia, nichukue au nikomae na hii?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tulia, kamera ya mjomba haijafa, na tatu kati ya 16 kwa mtu anayeanza sio mbaya kabisa, mi pakiti yangu ya kwanza nilitoka na moja na hiyo moja ilikuwa ya mguu wangu.

Tuanze na kaunta maana hiyo ndo rahisi. Kamera yako imetengenezwa enzi ambazo pakiti moja ilikuwa na picha 10, kwa hiyo ukiweka pakiti inaanza kuhesabu 10 kushuka chini. Filamu za sasa zina picha 8. Toa 8 kwenye 10 unabaki na mbili, mbili za hewa. Kwa hiyo kaunta ikisoma 2 jua pakiti imeisha, hakuna kilichokwama humo ndani, na ile kunguruma unayosikia ni mota inazungusha rola bila kitu cha kusukuma. Toa hiyo pakiti lakini USIITUPE, weka kabatini, tutaihitaji mwishoni huku nikifika kwenye hiyo ya kukunja. Betri iko humo humo ndani ya pakiti na bado ina nguvu, ndo maana umeisikia ikinguruma.

Na kwa sababu betri iko kwenye pakiti, ukienda kununua tena soma vizuri kwenye boksi la filamu, iandikwe 600. Kuna nyingine inaitwa i-Type, inafanana kama pacha, ukubwa ule ule, lakini haina betri, ni ya zile kamera mpya za kuchaji. Ukiiweka kwenye ya mjomba itakaa kimya kama jiwe na utarudi hapa kuniuliza tena kama imekufa.

Haya, ukungu. Hapa nataka nikae kidogo maana nadhani ndo kiini cha matatizo yako yote, hata yale ambayo hujui kama ni tatizo.

Kamera nyingi za boksi za 600 lenzi yake haizunguki kutafuta fokasi. Imefungwa mahali pamoja kiwandani na inaona vizuri kuanzia kama mita 1.2 kwenda mbele. Chini ya hapo ni ukungu, hakuna maombi. Baadhi zina kijilenzi cha pili cha plastiki unachokisogeza na kidole mbele ya lenzi kubwa, ukikivuta unaweza kusogea hadi kama sentimita 60, lakini ukikisahau hapo halafu ukapiga mtu wa mbali naye anaingia ukunguni. Angalia ya mjomba kama inacho, kawaida kina kaswichi pembeni ya lenzi au chini yake.

Sasa mita 1.2 ni ngapi? Watu wengi tukiambiwa mita moja na kitu tunasimama sentimita 80 huku tumejiaminisha kabisa. Dawa ni kamba. Chukua uzi, pima mita 1.2, funga ncha moja kwenye mkanda wa kamera, ncha nyingine piga fundo. Kabla hujapiga, vuta uzi mpaka kwenye kitu chako, kama fundo linafika na uzi unalegea basi umekaribia mno, rudi nyuma. Utaonekana kama fundi cherehani anayepima suruali, usijali, baada ya pakiti mbili tatu mwili wenyewe utakuwa umejua umbali na uzi utautupa.

Lakini kuna jambo ambalo nililielewa nikiwa nimeshachoma pakiti nyingi sana. Ukisimama mita 1.2, hiyo kamera inaona eneo la kama sentimita 90 kwa 90. Kikombe kina upana wa sentimita 8. Piga hesabu mwenyewe, kikombe kinakuwa kitu kidogo katikati ya mraba mkubwa, kama punje kwenye sinia. Ndo maana ukawa unasogea, macho yako yanataka kikombe kijae, kamera inakataa. Yaani kamera ya boksi ni kamera ya saizi ya kiti, sio ya saizi ya kikombe. Kiti chenye shati limetundikwa mgongoni kinajaa vizuri. Tairi la baiskeli pamoja na kipande cha ukuta vinajaa. Mtu amekaa, kuanzia kiunoni kwenda juu, anajaa. Ndoo na bomba lake, dirisha na pazia, mlango uko nusu wazi na viatu chini yake, hivyo vyote ni saizi yake. Ukianza kuvitazama vitu vya nyumbani kwa saizi hiyo utashangaa picha zinaanza kutoka bila kugombana.

Kwa hiyo kile kikombe usikiache, ila kipige pamoja na mahali kinapoishi. Ntakueleza hivi ninavyofanya mimi, maana nina kikombe kimoja cha bati kimebanduka rangi ukingoni nimekipiga sijui mara ngapi. Asubuhi nakiweka juu ya stuli karibu na dirisha, sio dirishani kwenyewe, karibu. Dirisha linakuwa upande wangu wa kushoto, sio mbele yangu na sio nyuma ya kikombe. Nyuma ya stuli kuna ukuta, na ukuta uko karibu, kama hatua moja tu kutoka kwenye stuli. Nazima flashi. Nakaa chini sakafuni, naegemeza mgongo kwenye kitanda, viwiko kwenye magoti, natoa pumzi, nabonyeza taratibu. Kikombe kiko theluthi ya chini, juu yake ni ukuta tu na ule mwanga unaoanza mweupe upande wa dirisha na kuishia kijivu upande wa pili. Ukiitazama hiyo picha hamna kitu humo. Stuli, kikombe, ukuta. Lakini mwanga umekaa.

Mbona nakaa chini na kushikilia pumzi? Kwa sababu ukizima flashi ndani ya nyumba shata, yaani kile kipazia cha kuingizia mwanga, inabaki wazi muda mrefu, kwenye hizi za 600 inaweza kufika robo ya sekunde, na robo ya sekunde mkononi ni tetemeko. Yaani unaweza kuwa umbali sahihi kabisa na picha ikatoka na ukungu kwa sababu ya mkono tu. Utaujuaje ni ukungu wa nini? Ukiona kitu cha karibu kina ukungu lakini ukuta wa nyuma uko safi, ni umbali. Ukiona kila kitu kimevutika upande mmoja kama kimepigwa upepo, ni mkono. Zipange zile 13 zako mbovu mezani uzitenge mafungu mawili hivyo, mi nahisi fungu la umbali litakuwa kubwa.

Kuzima flashi sasa, maana nasikia unauliza inazimwaje. Inategemea modeli. Nyingi za 600 zimeundwa flashi iwake kila picha, hata juani, hiyo ni makusudi ili ijaze vivuli usoni. Baadhi zina kitufe cha pili kidogo karibu na kile kikubwa cha kupigia, ukibonyeza hicho inapiga bila flashi. Kama yako haina, na usijaribu kuifungua, flashi ina kapasita inayotunza chaji na inaweza kukupiga shoti ya kukumbuka, basi wewe jifunze kuishi na flashi.

Na kuishi na flashi ni hivi. Mwanga wa flashi unapungua haraka kuliko unavyofikiri, umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo, sio nusu. Bibi amekaa mita 1.2 kutoka kwako, ukuta uko mita tatu nne nyuma yake, hapo bibi atapata mwanga wote na ukuta utapata makombo, ndo hilo giza ulilolipata. Uso mweupe ni kwamba umemkaribia mno, hivyo makosa mawili kwenye picha moja. Mwambie bibi aegemee ukutani, kiti kigusane na ukuta kabisa, wewe rudi nyuma mpaka mita 1.5 au 2, na utaona giza limeondoka kwa sababu sasa uso na ukuta vinakula mwanga kwa pamoja. Kivuli kitatokea nyuma yake kidogo, kiache, mi nakipenda. Zaidi ya mita tatu flashi yenyewe haifiki, kwa hiyo usipige sebule nzima usiku ukitegemea miujiza. Na vioo, meza ya kioo, TV, picha zenye fremu ukutani, simama kwa pembeni sio usawa, la sivyo utapata jua dogo jeupe katikati ya picha.

Ila kama unaniuliza mimi, bibi ningemtoa nje kidogo. Sio juani! Mlangoni, pale kivuli kinapoanzia. Kiti ndani ya kivuli, uso unatazama nje kwenye mwanga. Hapo unapata mwanga mwingi, laini, hamna macho ya kukunja, na hata flashi ikiwaka haiharibu kitu.

Filamu hii ina shida moja kubwa, haivumilii tofauti kubwa ya mwanga. Jicho lako linaona anga nyeupe na mtu mweusi kwa wakati mmoja bila shida, hata simu siku hizi inajitahidi, filamu ya papo hapo haiwezi, lazima ichague. Na anayechagua ni kile kijicho kidogo cha kupimia mwanga mbele ya kamera, ambacho kinajumlisha vyote kinavyoviona. Ukiweka anga nyingi kwenye fremu kinasema "mwanga upo tele" kinafunga, baiskeli yako inakuwa kivuli. Kwa hiyo jua liwe nyuma yako au pembeni, anga uikate, na kama kitu ni cheusi kwenye mandhari nyeupe sogeza kile kiswichi cha kamera cha kurekebisha mwanga upande wa kuongeza, kama ni cheupe kwenye giza sogeza upande wa kupunguza. Robo tatu ya picha hutahitaji kukigusa. Halafu ukimaliza KIRUDISHE katikati, mi nimeharibu picha nyingi kwa kusahau hicho kiswichi kuliko kwa kosa lolote lingine.

Kasoro lile la kidole. Siku moja nilipiga pakiti nzima harusini, zote zimetoka nyeupe kama zimemwagiwa maziwa, nikalaumu filamu, nikalaumu duka, nikalaumu joto. Kumbe kidole changu cha kati kilikuwa kimelala juu ya kile kijicho. Kamera inaona giza, inafungulia mwanga wote uingie. Picha nane za watu wa heshima waliovaa vizuri. Hadi leo nikishika boksi naangalia kwanza vidole viko wapi.

Haya, njano. Filamu hii inataka joto la kati, nyuzi 13 mpaka 28 za Selsiasi. Juu ya 28 inaanza kwenda njano na wekundu, chini ya 13 inapauka na kuwa ya bluu. Sio suala la mahali ulipopigia tu, ni mahali picha inapojisafishia baada ya kutoka. Unakumbuka za mchana uliziweka wapi zikitoka? Kama uliziacha juu ya meza nje, au kwenye gari, au mfuko wa nyuma wa suruali ya jinzi mchana, basi hapo ndo zilipoiva njano. Mahali pa joto picha ikitoka ipeleke kivulini, ilaze kwenye kitu cha ubaridi, sakafu ya saruji ni nzuri sana. Penye baridi fanya kinyume, iweke mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili. Filamu ambayo hujaitumia ikae kwenye friji chini kule, sio friza, ikigandishwa ile dawa inaharibika. Siku ya kupiga itoe mapema ikae kama saa moja izoee, na itumie ndani ya mwaka mmoja tangu itengenezwe, tarehe iko kwenye boksi. Ukikuta mtu anauza filamu za kabla ya 2008 kama "za zamani orijino" achana nazo, dawa imeshakauka humo.

Huo mwaka 2008 una hadithi yake, na hadithi hiyo inaeleza kosa lako lingine ambalo hujaniambia lakini nina uhakika unalifanya. Kampuni ya Polaroid ilitangaza mwaka huo kuacha kutengeneza filamu. Watu wachache wakakichukua kiwanda cha mwisho, kiko Enschede kule Uholanzi, wakajiita Impossible Project. Mashine walipata, ila dawa nyingi za fomula ya zamani zilikuwa hazitengenezwi tena, hivyo ikabidi waibuni filamu upya karibu kutoka sifuri na wakaanza kuuza mwaka 2010. Hao hao baadaye ndo wakarudi kulichukua jina la Polaroid. Kwa hiyo unachokiweka kwenye kamera ya mjomba ni filamu nyingine kabisa iliyovaa nguo za ile ya zamani, na tofauti moja kubwa ni kwamba ile ya zamani ilitoka tayari imejikinga na mwanga, hii mpya sekunde zake za kwanza inaogopa mwanga vibaya mno. Mjomba alikuwa anaitoa anaiangalia juani inavyojitokeza na watu wanashangilia. Wewe ukifanya hivyo inapauka.

Fanya hivi. Ile kadi nyeusi inayotoka ya kwanza ukiweka pakiti mpya, itunze. Ishike na mkono wa kushoto juu ya mdomo wa kamera wakati unapiga, picha itateleza chini yake kwenye kivuli. Kuna vifaa vinauzwa vinaitwa ulimi wa chura, kiplastiki kinachojikunjua juu ya picha ikitoka halafu unakirudisha taratibu baada ya sekunde tano hivi, ukikipata ni kizuri lakini kadi inatosha. Kisha igeuze kifudifudi, iache, dakika 10 mpaka 15 kwa ya rangi, nyeusi na nyeupe kama 5 mpaka 10. Usichungulie kila dakika. Na usiitikise jamani! Kutikisa kulitokana na zile filamu za zamani zaidi za kubandua, ambazo picha ilitoka mbichi na ilibidi ikauke. Hii dawa iko katikati ya karatasi imefungwa pande zote, upepo wako hauifikii, unachofanya ni kuikunja na kuachanisha matabaka humo ndani.

Ile dawa yenyewe imekaa kwenye kifuko kidogo kwenye ule ukingo mpana wa chini wa picha, ndo maana upande mmoja ni mpana. Picha ikipita kati ya rola mbili kifuko kinapasuka na dawa inatandazwa juu kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Rola zikiwa chafu siagi inatandaa vibaya, unapata vidoa au mistari, na alama yake ni kwamba kidoa kinajirudia kwa umbali ule ule kutoka kimoja mpaka kingine, kila rola ikizunguka. Mi kamera moja niliyonunua mtumba aliyeniuzia aliapa imefanyiwa sevisi, nafungua nakuta rola zina ukoko wa dawa kavu kama uji uliogandia sufuriani. Kabla ya kila pakiti fungua mlango, futa rola na kitambaa laini chenye maji kidogo, zungusha kile kigia cha pembeni na kidole ili ufute mzunguko mzima, acha ikauke. Dakika mbili. Na dawa ikikuvujia mkononi osha na maji mengi, inaunguza ngozi kidogo kidogo, na watoto wasikate kate picha wakachezea. Mlango huo usiufungue pakiti ikiwa bado ina filamu ndani kwa sababu tu umepata hamu ya kuangalia, ile ya juu itaungua na mwanga na kaunta itarudi 10 ikuvuruge tena.

Sasa, umeniambia unapiga "vitu vya kawaida tu", hiyo "tu" imenikaa vibaya kidogo. Walker Evans, yule Mmarekani wa picha maarufu za miaka ya 1930, alipata SX-70 mwaka 1973 akiwa na karibu miaka 70, mgonjwa mgonjwa, na kwenye hiyo miaka yake ya mwisho akapiga picha zaidi ya 2,500 za papo hapo. Alipiga nini? Herufi za mabango, moja moja. Takataka barabarani. Nyuso za marafiki kwa karibu. Na André Kertész, mpiga picha mwingine, mzaliwa wa Budapest, baada ya mkewe kufariki 1977 alikaa ndani ya nyumba yake New York akawa anapiga na SX-70 vitu vilivyokuwa dirishani kwake, hasa kichwa kidogo cha kioo kilichomkumbusha mke, saa tofauti na mwanga tofauti. Kitu kimoja, dirisha moja. Sikwambii uwaige, nakwambia tu kwamba kamera hizi ziliwakuta wazee waliokwisha piga kila kitu duniani na wao wakazielekeza mezani kwao.

Na picha nane ni chache, hilo litakufundisha lenyewe. Mi nilichojiwekea ni kwamba nikikiona kitu sipigi siku hiyo. Naangalia kesho saa ile ile kama mwanga unarudi. Viatu vyako vya mlangoni vina saa yao, labda ni saa mbili asubuhi jua linapoingia chini ya mlango, labda ni jioni, kaa ukijua. Siku ya kupiga napiga moja, naisubiri dakika 15 iive, naitazama, ndo naamua kama kuna haja ya pili. Wengi tunapiga tatu za haraka haraka, na kosa la kwanza linajirudia mara tatu. Halafu kumbuka kwamba tundu la kuchungulia liko pembeni ya lenzi, halioni sawa sawa na lenzi, kitu kikiwa mbali tofauti haionekani lakini kwenye hiyo mita 1.2 utaona kimehamia upande mmoja au kimekatwa juu. Acha nafasi pande zote, na uzitazame zile tatu nzuri uone vimehamia upande gani, ndo ujue ya mjomba inavutia wapi.

Nije kwenye ya kukunja. SX-70 ilitoka 1972 na kwa kweli ni kitu kingine. Unaangalia kupitia lenzi yenyewe, unachokiona ndo unachokipata, lenzi ni ya kioo, unazungusha fokasi kwa kidole, na inasogea mpaka kama sentimita 26. Sentimita 26! Hapo kikombe chako kinajaza karibu nusu ya fremu. Kwa hiyo swali ni moja tu, wewe ni mtu wa vikombe au mtu wa viti? Kama moyo wako uko kwenye vitu vidogo, funguo, mikono ya bibi, ukingo wa sahani, ya boksi itakuchosha na SX-70 itakufurahisha. Kama ni watu, viti na milango, komaa na ya mjomba, hela ya kamera nunua filamu.

Ila ina gharama zake za kichwa. Inataka filamu yake inayoitwa SX-70, ambayo haina kasi, yaani inadaka mwanga polepole, ni kama ISO 160 (ISO ndo kipimo cha hiyo kasi), wakati hiyo ya 600 ni 640, kwa hiyo ndani ya nyumba bila mwanga mzuri ni mwendo wa tripodi au kuegemea kitu. Watu wanaweka filamu ya 600 humo lakini inazidi mwanga mara nne, lazima uweke kichujio cheusi juu ya lenzi au juu ya pakiti, au fundi akubadilishie saketi. Kuna toleo lake la 1978 lenye fokasi ya sauti, ile yenye duara kubwa la dhahabu juu, inapima umbali kwa mwangwi kama popo. Nzuri sana gizani, lakini ukipiga kupitia dirisha inapima kioo badala ya mti ulioko nje, hapo uzime uizungushe kwa mkono. Na jamaa akikuletea nyingine kwa jina la "inafanana tu", ziepuke zile za Kodak za papo hapo, filamu yake ilikufa tangu 1986 waliposhindwa kesi na Polaroid, zile za Polaroid wenyewe zinazoitwa Spectra filamu iliisha 2019, na za kubandua za Fuji ilikoma 2016. Mapambo ya kabati hayo.

Akikuletea SX-70 yenyewe, nenda na ile pakiti tupu niliyokwambia usiitupe. Itagoma kuingia kwa sababu ya 600 ina vinundu viwili vitatu chini yake, weka ile kadi nyeusi chini ya pakiti kama reli na isukume juu yake, itapita, kisha vuta kadi. Ukifunga mlango unatakiwa usikie mota ikizunguka mara moja, safi, bila kukwaruza. Bonyeza mara tano sita, kila mara usikie kioo cha ndani kinapiga na mota inafuata. Elekeza kwenye taa ubonyeze, kisha elekeza kwenye kona ya giza ubonyeze, gizani shata inatakiwa ichelewe kufunga, utaisikia kwa sikio, kama zinalingana basi kijicho chake hakifanyi kazi. Mulika tochi kwenye ule mpira mweusi wa kukunjika utafute matundu. Ile ngozi ya nje kubanduka sio shida, inabadilishwa. Na akisema hakuna haja ya kujaribu, kwamba ilikuwa ya baba yake na aliitunza vizuri, mpe pole ya baba na umrudishie kamera yake.